Fomu Zilezile, Hesabu Tofauti

Agosti 2022, Wakenya walipokwisha kupiga kura, tume ya uchaguzi, IEBC, ilianika kwenye tovuti yake fomu 34A, zenye matokeo ya urais ya kila kituo cha kupigia kura, kila mwenye macho azisome. Vituo hivyo vilizidi 46,000. Vituo vya runinga vikaanza kujumlisha, na muda si mrefu kituo kimoja kilimwonyesha mgombea urais Ruto akiongoza, kingine mpinzani wake Odinga. Tarakimu zilitoka katika fomu zilezile. Ila kila chumba cha habari kilianza na fomu za maeneo tofauti, na mtazamaji aliyeng'ang'ania kituo kimoja asingeweza kulijua hilo.

Upendeleo hauhitaji uongo, msikilizaji. Unaweza kujificha katika kinachotangulizwa na kinachoachwa kando, na hiyo ndiyo hatari yake kubwa.

Mwishowe matokeo rasmi yalitangazwa Agosti 15: Ruto asilimia 50.49, Odinga 48.85.

Chombo cha kuaminika hukueleza habari kimeitoa wapi na ni sehemu gani bado haijakamilika. Kikikosea, hujisahihisha hadharani. Dai hayo, hata kwetu sisi tunaozungumza nawe sasa hivi. Na kabla hujasambaza habari iliyokufurahisha mno, sikiliza kituo cha pili.