Namna Mbili za Kuwafunza Wauguzi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Lagangabilili)



Nimepewa nafasi niseme juu ya mafunzo ya wauguzi. Mimi ni karani, si mganga. Lakini mwanangu wa pili alizaliwa pasipo kulia, na muuguzi aliyekuwapo, mwenye cheti kizuri, aliushika mfuko wa kupulizia hewa kama mtu aliyepewa chombo kigeni. Mkunga mzee aliuchukua, na mtoto akapumua. Tangu siku ile nauliza: muuguzi afunzweje hata mkono wake usisahau?

Namna ya kale ni kujifunza wodini, kando ya kitanda cha mgonjwa. Ndiyo iliyotiwa nguvu na Florence Nightingale, ambaye shule yake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860. Ni namna njema, ila ina upungufu: mwanafunzi hujifunza yale tu yaliyoletwa na siku. Na mtoto asiyepumua haji kwa ratiba.

Namna mpya ni kufanya mazoezi kwa mwanasesere. Ilijaribiwa katika hospitali ya Haydom, mkoa wa Manyara. Mwaka 2010 wakunga walifunzwa kwa siku moja. Mbele ya mwanasesere walifanya vema. Lakini katika chumba cha kuzalia kazi yao haikubadilika. Mwaka 2011 mpango uligeuzwa, yakawa mazoezi ya dakika chache, mara kwa mara, papo hapo kazini. Ndipo vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipopungua, toka 11 hivi hata 7 hivi katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.

Basi, ndugu zangu, sisemi kwamba jipya limelishinda la kale. Mwanasesere wa siku moja hakutosha, wala wodi peke yake haitoshi. Lililofaa ni kumweka mwanasesere karibu na wodi, na kurudia. Sisi makarani twalijua jambo hili: nani kati yetu aliyejua kupiga taipu kwa somo la siku moja?

Tena sisi ndio tuandikao orodha za zamu na makisio ya fedha. Ikiletwa semina ya siku moja kuombewa posho, yafaa tuulize: kesho yake mazoezi yatafanywa wapi, na saa ngapi? Robo saa kila juma katika zahanati zetu za Itilima haitaki posho wala safari. Yataka nafasi katika orodha ya zamu, na orodha hiyo i mikononi mwetu.