Kutafuta Wateja wa Kwanza



Mke wangu alipoanza kuuza miche ya sabuni nyumba kwa nyumba, nilimshauri aanze na watu wanaokuja ofisini kwangu. Akakataa. "Anayengoja saini yako ataikataaje sabuni yangu?" Niliona haya.

Aliandika daftarini majirani 20, akamwuliza kila mmoja hufulia sabuni gani na hununua lini. Walionunua walikuwa 6. Kila mmoja akamwomba amtajie wenzake 2. Waliokataa aliwaaga vizuri, wala hakuwarudia kwa kuwasumbua.

Vijana, mteja wa kweli ni yule anayeweza kukuambia hapana bila hofu. Anzeni na huyo.