DASHIBODI ILIYOPAUKA: KAZI YAKE NA UJIRA WAKE

(Hotuba kwa wanachama mafundi wa magari, Ntimaru)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kazi ambayo wenye magari wengi huiita ndogo, nayo ni kurudisha rangi ya dashibodi ya motokaa ya zamani iliyopaushwa na jua. Sisi twasema si ndogo. Anayeiita ndogo ni yule asiyetaka kuilipia.

Motokaa kuukuu ni mali. Peugeot 504 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, baadaye ikaunganishwa hapa Kenya, na pikapu zake zilibeba watu na mizigo miaka mingi. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikashinda tena 1978. Tangu mwaka 2003 yako mashindano ya Safari ya magari ya zamani peke yake, na huko Nairobi, tangu 1970, yako maonyesho ya Concours d'Elegance ambako waamuzi hukagua hata ndani ya gari. Basi mwenye gari akija kwetu, ajue ameleta mali kwa fundi.

Kwanza tujue ugonjwa. Hapa kwetu hatuko mbali na Ikweta, na jua hupiga kioo cha mbele mchana kutwa. Mwanga wake huvunja rangi. Joto nalo hutoa polepole yale mafuta yaliyotiwa kiwandani ili vinaili iwe laini. Yakiisha, dashibodi huwa nyeupe, kisha ngumu, kisha hupasuka. Kilichopasuka hakiponi kwa kupakwa mafuta juu.

Na hapa ndipo penye udanganyifu. Kuna mafuta ya kung'arisha ambayo ukiyapaka leo, dashibodi huwa nyeusi kama mpya, na baada ya siku chache weupe unarudi. Tena mng'ao wake huakisi katika kioo cha mbele na kumsumbua dereva. Na yale yenye silikoni huzuia rangi kushika siku fundi mwingine atakapotaka kuifanya kazi sawasawa.

Kazi ya haki ni hii. Fungua waya wa betri kabla ya kugusa mita na nyaya. Toa vipande vinavyotoka, na skrubu uziweke kwa mpango. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni hafifu, kwa brashi laini; petroli isitumike kabisa. Ikiwa ni vumbi na weupe wa juu tu, dawa ya kukinga jua iliyotengenezwa kwa maji, isiyo na mng'ao, itatosha. Ikiwa rangi yenyewe imekwisha, futa mafuta yote kwa spiriti, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Ziba nyufa kwa dawa inayonyumbulika. Piga msasa laini pamoja na maji, acha ikauke, tia praima ya plastiki, kisha pulizia rangi ya vinaili, nyembamba nyembamba, mara tatu au zaidi, kila mara ukingoja ikauke. Anayepaka nene mara moja ili amalize upesi, rangi yake itabanduka.

Ndugu zetu, hesabuni saa hizo. Kutoa, kuosha, kuziba, kungoja, kupuliza na kurudisha si kazi ya kutwa moja. Wa kupaka mafuta anamaliza kwa nusu saa, na mwenye gari hutumia bei ya huyo kutupimia sisi sote. Tukishindana kwa bei ya mafuta ya kung'arisha, hakuna atakayeifanya kazi ya haki, na vijana wanaojifunza kwetu watarithi ujanja badala ya ufundi.

Liko jambo zito kuliko bei. Moshi wa thina na rangi ndani ya gari lililofungwa huumiza mapafu na kichwa. Dashibodi za chuma za magari ya zamani zaweza kuwa na rangi yenye risasi, na vumbi lake ni sumu; ndiyo maana twasisitiza msasa wa maji. Puliza nje, milango ikiwa wazi, mbali na moto, ukivaa kifuniko cha pua chenye chujio la moshi wa rangi. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii kitu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Mwenye gereji akikuambia ununue mwenyewe, usigombane naye peke yako. Lete neno hilo chamani.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kila fundi amwambie mwenye gari waziwazi kama atang'arisha au atarudisha rangi, na bei ya kila moja. Mafundi wa hapa Ntimaru tukae pamoja, tukubaliane bei ya chini ya kazi kamili, asiwepo wa kuivunja kisirisiri. Na kijana asishike mashine ya kupulizia rangi bila kifuniko, hata kama kazi ni ya dakika kumi.

Rangi ya gari hurudishwa. Mapafu ya mtu hayarudishwi.

Umoja ni nguvu.