Harufu na Kumbukumbu

Jioni hii twataka kuzungumza juu ya pua, kiungo ambacho wengi wetu hukikumbuka wakati wa mafua tu.

Sisi wa Kibakwe, kama watu wote wa nyanda za kati, twakaa miezi mingi pasipo mvua. Kisha, yapata Novemba au Desemba, matone ya kwanza huangukia udongo mkavu, na mara harufu yake huenea kote. Mzee aketiye kibarazani huliona tena shamba la babaye, na jembe lake, na watu waliokwisha kufa, wala hakuna aliyemwuliza neno. Harufu imepata wapi nguvu hiyo?

Harufu ni chembe ndogo mno zichukuliwazo na hewa. Juu ndani ya pua zetu mna vipokeo vya namna 400 hivi vya kuzipokea. Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walifunua asili ya vipokeo hivyo mwaka 1991, kwa kuchunguza panya, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2004. Mambo tuyaonayo na tuyasikiayo hayana budi kupitia kwanza kituo kilicho katikati ya ubongo. Bali harufu hushika njia ya mkato mpaka sehemu ziamshazo hofu na furaha, na zile zitengenezazo kumbukumbu. Harufu na jambo vikija pamoja, chembe za fahamu zilizoamshwa hushikamana. Ni kama njia ya ng'ombe iendayo kisimani: kadiri wapitavyo, ndivyo izidivyo kuonekana.

Ng'ambo ya milima ya Rubeho, huko Morogoro, nguvu hiyo imetiwa kazini. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku tangu mwaka 2000. Naam, panya yule yule tumfukuzaye mashambani. Anusapo baruti husikia mlio mdogo, kisha hupewa ndizi, na somo hurudiwa kwa miezi tisa hivi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Kambodia. Hata alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amefichua mabomu na silaha nyingine zaidi ya 100 zilizofukiwa ardhini, mahali ambapo mkulima angaliweza kupoteza mguu wake. Panya ni mwepesi, hawezi kulipua bomu kwa kulikanyaga. Magawa alikufa Januari 2022.

Wengine hunusa makohozi ya watu washukiwao kuwa na kifua kikuu. Panya mmoja huweza kupitia makohozi ya watu 100 kwa dakika 20, na yale anayoyashuku hupimwa tena na wataalamu. Hivyo wamepatikana wagonjwa wengi waliokwisha kuambiwa kwamba hawana ugonjwa, wakarudishwa kupewa dawa kabla hawajawaambukiza watoto nyumbani.

Lakini njia isiyopitwa huota majani. Panya akitambua harufu siku nyingi asipewe kitu, huacha kazi. Kwa sababu hiyo, kati ya makohozi yasiyojulikana huwekwa machache yaliyokwisha kuthibitishwa kuwa na ugonjwa, ili panya apate ndizi yake.