Harufu ya Papa Katika Vitabu vya Chama

(Maneno ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya wavuvi)



Nilipokuwa nikikagua vitabu vya chama kimoja cha wavuvi, nilikuta ukurasa mzima wa malipo yaliyokatwa, na mbele ya kila jina karani wa mizani ameandika maneno mawili tu: "Papa ananuka." Mvuvi mmoja mzee alisimama mkutanoni akalalamika kwamba amedhulumiwa, kwani samaki wake alitolewa wavuni alfajiri ile ile. Karani naye aliapa kwamba hakumwonea mtu. Nilipouliza wataalamu na kusoma juu ya damu ya papa, niliona kwamba wote wawili walisema kweli.

Wengi wenu mnaijua mbolea ya urea. Kitu hicho hicho kimo katika damu na nyama ya papa na taa. Wataalamu wa Kijerumani, Frerichs na Städeler, walikigundua mwaka 1858. Nguru na changu huiondoa taka ya namna hiyo kwa matamvua, zaidi ikiwa amonia, na damu yao hubaki na urea kidogo mno. Papa huiweka. Figo zake huirudisha mwilini zaidi ya sehemu tisa katika kumi za urea inayopita humo, kwa sababu bila hiyo maji ya chumvi yangemnyonya akakauka angali anaogelea. Katika lita moja ya damu ya papa wa baharini mna urea kama gramu 20. Katika damu ya mtu mwenye afya haifiki hata nusu gramu.

Lakini jamaa hao si wote sawa. Taa wa baharini wanakaribiana na papa. Yuko papa mmoja apandaye mitoni, ajulikanaye hata katika mto Zambezi. Huyo akikaa katika maji yasiyo na chumvi, urea yake hushuka hadi nusu hivi. Na taa wa mto Amazon, kule Amerika ya Kusini, wasiotoka mtoni maisha yao yote, wameipoteza kabisa tabia hiyo. Hata wakitiwa katika maji yenye chumvi hawawezi tena kuilimbikiza urea.

Sasa turudi mizanini. Papa akifa, bakteria huigeuza urea kuwa amonia, na joto letu huharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana papa hunuka mapema kuliko nguru aliyevuliwa naye siku moja. Tena hesabu haianzi wavu unapopandishwa chomboni. Papa mbingusi, kwa mfano, akinaswa hupapatika mno, asidi ya misuli hupanda katika damu yake kuliko ya papa wengi, naye hufa upesi. Huenda yule wa alfajiri alikwisha kufa tangu usiku wa manane, na mvuvi asijue.

Kwa hiyo papa na taa wachinjwe na kutolewa matumbo huko huko baharini, damu imwagike yote, nyama ioshwe vizuri kwa maji safi, maana urea huyeyuka upesi majini, kisha itiwe barafu au chumvi bila kungoja kufika pwani. Mwenye kufanya hivyo alipwe bei kamili. Anayeleta papa mzima mwenye damu yake asishangae akikatwa, ila aonyeshwe sababu.

Yule mzee sikuweza kumrudishia fedha zake. Kitabu hakikuonyesha saa ya kutega wavu wala ya kuupandisha, wala kama samaki alichinjwa, nami siwezi kusahihisha hesabu kwa huruma. Makatibu, ongezeni safu hizo tatu kando ya safu ya uzito, na mvuvi atie sahihi au dole gumba kabla samaki hajaondolewa mizanini. Nitakapopita tena msimu wa kaskazi, nitaanzia ukurasa huo.