NGANO YA BARIDI NA BEI YA MAHINDI YETU
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama ghalani)



Wengine wametuuliza: theluji ya Urusi yatuhusu nini sisi watu wa jembe? Yatuhusu. Ngano nyingi inayoliwa Tanzania hutoka nje, na chapati mwaijua bei yake. Kule nchi za baridi ngano hupandwa Septemba au Oktoba, huota kidogo, halafu hulala chini ya theluji mpaka jua lirudi. Theluji ndiyo blanketi lake. Blanketi likikosekana na baridi ikawa kali, mche hufa, na aliye mbali hana habari.

Ndivyo ilivyokuwa 1972. Baridi iliua ngano nyingi ya Muungano wa Sovieti, kisha ukame ukamalizia. Wanunuzi wao wakaenda Marekani kimya kimya, wakanunua mamilioni ya tani, huku kidogo kwa kampuni hii, huku kwa ile. Wakulima wa kusini mwa Marekani, ambao huvuna mapema, walikwisha uza kwa bei ya chini. Wiki chache tu, bei ikapaa. Mavuno yao yalikuwa mazuri; kilichowaponza ni kukosa habari.

Mwezi ule ule wa Julai 1972 Wamarekani walirusha setilaiti ya kwanza ya Landsat. Tangu 1974 wakaijaribu katika kukadiria ngano, na mwaka 1977 hesabu yao ya mavuno ya Sovieti ilikaribia sana ile waliyoitangaza Wasovieti wenyewe, kama tani milioni 92. Si mchezo!

Yafanyaje kazi? Jani bichi hunywa mwanga mwekundu, na hurudisha kwa wingi mwanga mwingine usioonekana kwa jicho. Setilaiti hupima yote mawili. Jani likinyong'onyea, vipimo hubadilika. Kisha picha ya wiki hii hulinganishwa na ya wiki kama hii miaka iliyopita. Lakini chini ya theluji haioni mche, na mawingu nayo huizuia. Hapo hutegemewa vituo vya hali ya hewa: theluji ina unene gani, baridi ya usiku imeshuka kiasi gani. Theluji ikiyeyuka, hutazamwa mashamba yapi yamekataa kurudi kijani.

Siku hizi setilaiti za Ulaya, Sentinel-2, hupita kila siku tano na picha zake ni bure. Mahindi yetu nayo huyaona. Basi mlanguzi mwenye simu nzuri aweza kujua mkoa wa jirani umekauka, akatuwahi hapa, akanunua mahindi yangali shambani. Sisi tukishangilia fedha taslimu!

Kwa hiyo kamati imeweka kipima mvua nyuma ya ghala. Vijana wawili watakisoma kila siku saa tatu asubuhi na kuandika hapa ubaoni. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa katibu atazibandika kila Jumatatu, pamoja na habari za mavuno ya mikoa mingine. Anayetaka kuuza kabla ya kuvuna, aje kwanza asome. Na tafadhali, mbuzi wasifungwe kwenye kile kipima mvua.