Mzamiaji Hashuki Peke Yake

Msikilizaji, kule Kizingitini, kisiwani Pate, wako vijana wanaokula jasho la kuzamia kambakoche. Anayeshuka chini hashuki peke yake. Mwenzake hubaki mashuani akimchunga, na pwani yuko mnunuzi anayengoja na mizani. Nimewakumbuka kwa sababu ya neno. Shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu, ile PhD, Kiswahili kimeiita uzamivu, nalo jina limekaa sawasawa. Ila mzamivu wa chuo tunamtosa majini, kisha tunang'oa nanga tukaenda zetu.

Hapa Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inataka mwanafunzi wa uzamivu awe amechapisha makala mbili katika majarida ya kitaaluma kabla hajavishwa joho. Sina ugomvi na sharti hilo. Swali langu ni hili: nani amemfunza kuandika makala hizo? Nani amemwonyesha namna ya kuomba fedha za utafiti, kulinda bajeti, au kumweleza waziri kwa dakika tano jambo alilolisumbukia miaka mitano? Msimamizi wake ana vipindi vya kufundisha, ana mitihani ya kusahihisha, na mlangoni pana foleni ya wengine.

Wako walioliona pengo hili. Muungano wa CARTA wa mafunzo ya utafiti wa afya, ulioanza mwaka 2008 na ambao ofisi zake ziko Nairobi, umewakusanya wanafunzi wa uzamivu wa Afrika katika semina nne za wiki kadhaa kila moja, wakafunzwa kazi yenyewe ya utafiti. Kilifi, kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI na Wellcome kinalea wanasayansi chipukizi. Zanzibar kuna WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari, inayotoa ruzuku za utafiti. Lakini sikiliza vizuri: afya, afya tena, na bahari. Anayetaka kuzamia historia ya Siyu au fikihi ya Amu, yaani Lamu, atabisha hodi wapi?

Na ajabu ni kwamba sisi wa Lamu ndio maabara ya wenzetu. Magofu ya Shanga yalichimbuliwa na Mark Horton katika miaka ya 1980. Kitabu cha Abdul Hamid el-Zein juu ya dini mjini Amu, kilichotoka mwaka 1974, kilitokana na shahada yake ya uzamivu ya Chicago. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alifundisha maprofesa wa Ulaya lugha na ushairi wetu. Siwalaumu waliokuja. Wengine walifanya wema mkubwa: hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha kwa mradi wa Chuo Kikuu cha Bergen na Maktaba ya Uingereza, na hati zenyewe zikabaki hapahapa. Mpango wa namna hiyo unaweza pia kubakisha mtu, si karatasi tu.

Tena kazi inayomngoja huyo mtu ipo, na si lazima iwe uhadhiri. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na bandari mpya ya Lamu. Mwaka uliofuata, Baraza la Kitaifa la Kuamua Migogoro ya Mazingira likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu. Katika kesi zote mbili, mabishano yaliizunguka ripoti ya tathmini ya mazingira: imefanywa vipi, na wenyeji walishirikishwa kweli au kwa jina tu? Ripoti hizo ni nene kama tofali. Kuzisoma, kuona palipochezewa hesabu, kisha kusimama mbele ya hakimu na kulieleza hilo kwa ushahidi, ni ujuzi wa mtu aliyefunzwa. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii ya Lamu. Kazi hiyo haiishi kesho.

Pendekezo langu ni dogo. Mtafiti wa nje akileta kibali chake cha utafiti cha NACOSTI, akakaa barazani na kutaka mahojiano, mzee ampe kahawa kwanza. Kisha amuulize: katika bajeti yako, mwanetu ana kiti gani? Kubeba kamera na kutafsiri, hiyo tumeshaifanya. Tunauliza juu ya jina lake kwenye makala, na nafasi yake kwenye semina ya mwakani.